Usalama wa kitamaduni zamuni: jibu kwa muuguzi aliyehamia Winnipeg

Swali, kwa ufupi: "Nimesomea uuguzi Kenya na sasa nimeajiriwa idara ya dharura katika hospitali moja Winnipeg, Kanada. Wagonjwa wetu wengi ni Wenyeji wa Asili. Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya usalama wa kitamaduni na cheti nimepewa, lakini nikiwa zamuni sijui nifanye nini tofauti. Juzi mama mmoja alisubiri sana, akanyanyuka akaenda zake kabla hajaonwa na daktari. Wenzangu wakasema hao ndivyo walivyo. Mimi ni Mwafrika, nasi tulitawaliwa. Je, hilo halitoshi kunifanya niwaelewe?"

Dada, halitoshi. Tena dhana kwamba linatosha huwaponza wauguzi wengi wanaotoka kwetu, kwa sababu huwafanya waache kuuliza. Kwetu mkoloni alishusha bendera akaondoka. Kwao walowezi walibaki, na hospitali unayofanyia kazi ni ya dola ile ile iliyowachukua watoto wao. Ukishavaa sare na kitambulisho, mbele ya mgonjwa wewe ni sehemu ya dola hiyo kabla hujafungua mdomo. Si kosa lako, lakini kazi inaanzia hapo.

Wazo lenyewe la usalama wa kitamaduni lilizaliwa New Zealand mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kazi ya Irihapeti Ramsden, muuguzi Mmaori. Mwaka 1992 Baraza la Uuguzi la nchi hiyo likaliingiza katika masomo ya wauguzi wote. Ramsden hakutaka muuguzi akariri mila za watu. Alitaka muuguzi ajikague mwenyewe: ana madaraka gani juu ya huyu aliyelala kitandani, anayatumiaje, na amekuja na mawazo gani kichwani. Na anayesema kama huduma ilikuwa salama ni yule aliyeipokea. Kanada ilichelewa kulifuata. Kozi uliyoifanya imo katika mkondo wa miito 94 ya mwaka 2015 ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni walizopelekwa watoto wa Wenyeji. Wito wa 23 unataka wahudumu wote wa afya wafunzwe jambo hili. Cheti kinakupa msamiati. Kinachobaki ni mambo madogo ya kitabibu, nami nitayaeleza moja baada ya jingine.

Kwanza wajue walio mbele yako. Kanada inatambua makundi matatu: Mataifa ya Kwanza, Inuit (watu wa Aktiki) na Métis (jamii iliyotokana na Wenyeji na Wazungu). Kwa sensa ya 2021, katika jimbo lenu la Manitoba wao ni takribani 18 kwa kila watu 100, na Winnipeg peke yake ina zaidi ya 100,000. Mji umejengwa juu ya ardhi ya Mkataba Namba 1 wa 1871, kati ya Wenyeji na dola. Utawapokea Waanishinaabe, Wakrii, Wadene, watu wa Island Lake, Wametis wa hapo hapo mjini, na Inuit wanaoletwa kwa ndege kutoka Kivalliq, Nunavut. Lugha zao, desturi zao, na hata anayelipia dawa zao havifanani. Muulize mtu anatoka wapi na ni wa jamii gani, kama ambavyo wewe ungependa kuulizwa badala ya kuitwa "Mwafrika" tu.

Pili, ujue kwa nini mtu mwenye maumivu makali anaweza kuiogopa hospitali. Watoto wapatao 150,000 walipitia shule za bweni zilizogharimiwa na serikali na kuendeshwa na makanisa. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, kwa hiyo mgonjwa wa miaka 45 anaweza kuwa amelala katika mabweni hayo. Kulikuwa pia na hospitali zilizotengwa kwa ajili ya Wenyeji, hasa za kifua kikuu. Kuanzia 1950 meli ya C. D. Howe ilizunguka pwani za Aktiki ikiwapiga Inuit eksirei. Aliyekutwa na kifua kikuu alipelekwa kusini, mara nyingi bila nafasi ya kuaga nyumbani. Kufikia 1956 Mwinuit mmoja kati ya saba alikuwa kwenye sanatoria (hospitali za kifua kikuu) za kusini. Wengine walifia huko na familia hazikuambiwa kaburi liko wapi. Serikali iliomba radhi mwezi Machi 2019, Iqaluit. Kufunga kizazi bila hiari nako kulikuwa sheria Alberta kuanzia 1928 hadi 1972, na mwaka 2017 ripoti huko Saskatoon ilieleza jinsi wanawake wa jamii hizi walivyoshinikizwa kufungwa kizazi wakiwa katika uchungu wa kuzaa. Kwa hiyo bibi akikataa kubaki wodini usiku mmoja, usikimbilie kudhani haelewi ugonjwa wake. Huenda anaielewa hospitali kuliko wewe.

Sasa chumba cha kusubiri. Kisa ambacho kila muuguzi wa Winnipeg anapaswa kukijua kwa undani ni cha Brian Sinclair, Mwanishinaabe wa miaka 45 aliyetembelea kiti cha magurudumu kwa kuwa alikatwa miguu yote miwili. Septemba 2008 zahanati ilimpeleka kwa teksi hadi Health Sciences Centre, hospitali kubwa ya Winnipeg, akiwa na barua, kwa sababu hakuwa amepata mkojo kwa saa 24. Alizungumza na mhudumu wa mapokezi, kisha akajisogeza ndani ya chumba cha kusubiri. Jina lake halikuingizwa katika orodha ya wanaosubiri. Alikaa humo saa 34. Alitapika, na watu waliokuwa karibu waliwaambia wahudumu. Wahudumu kadhaa walidhani amelewa, au hana makazi na amekuja kukwepa baridi. Alipogunduliwa amekufa, mwili ulikuwa umeshakakamaa. Kilichomuua ni maambukizi ya kibofu yaliyoenea tumboni. Kubadilisha mpira wa mkojo na kumpa antibiotiki kungemtibu.

Hapo palikosekana nini? Hapakukosekana ujuzi wa mila. Ilikosekana hatua ya kawaida ya uuguzi, na iliwezekana kukosekana kwa saa 34 kwa sababu kila aliyepita alikuwa na maelezo tayari kichwani. Kwa hiyo zoea la kwanza nitakalokupa ni hili: mwanzoni mwa zamu, na baadaye kwa vipindi, zunguka chumba cha kusubiri ukiwa na orodha mkononi, ulinganishe nyuso na majina. Mtu ambaye hayumo kwenye orodha, muulize. Aliyelala, mwamshe kwa upole na umhesabie pumzi. Na muda wa kuwarudia wanaosubiri uufuate kama ulivyoandikwa katika mfumo wa Kanada wa kuwapanga wagonjwa kwa ngazi tano za uzito wa hali: wa ngazi ya kwanza haachwi hata dakika, ya pili kila dakika 15, ya tatu kila 30, ya nne kila 60, ya tano kila 120. Wodi ikifurika, muda huu ndio wa kwanza kusahaulika, na huanza kusahaulika kwa wale ambao wahudumu wameshawahukumu. Manitoba ilianza mwaka 2023 kuwauliza wagonjwa wa hospitali asili yao, kwa hiari, ili pengo hili lihesabike. Ukiwa ndiye unayeuliza, eleza sababu ya swali na useme wazi kwamba kukataa kujibu hakutabadilisha huduma.

Harufu ya pombe ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Ulevi ni jibu la mwisho, baada ya mengine kuondolewa. Kila mtu aliyezubaa, awe ananuka pombe au hanuki, pima sukari mara moja (chini ya 4 mmol/L ni ya kushughulikiwa hapo hapo), pima joto, mapigo, presha, pumzi na oksijeni, hesabu alama za Glasgow za kupima ufahamu, tazama mboni, papasa kichwa chote utafute uvimbe au jeraha. Kisukari ni kingi katika jamii hizi, na pumzi ya mtu ambaye damu yake imejaa asidi ya kisukari hunuka kwa namna inayowadanganya watu kuwa ni pombe. Maambukizi makali ya damu, ini lililoshindwa, damu kuvuja kichwani, na wakati wa baridi mwili kupoa kupita kiasi: vyote humfanya mtu aongee kwa kuburuta maneno na kuyumba. Hata kama kweli amekunywa, anatakiwa kuzidi kuchangamka saa baada ya saa. Asipobadilika, au akizidi kuzama, mwite daktari na useme waziwazi, "Simwoni akipata nafuu, nataka aangaliwe upya."

Na faili lisibebe hukumu. Usiandike "mlevi". Andika "harufu ya pombe mdomoni, anasema alikunywa bia mbili jioni, Glasgow 14, sukari 5.8." Usiandike "anatafuta dawa za kulevya". Andika alichosema kwa maneno yake, na ulichokiona. Neno "hafuati matibabu" ni baya zaidi kwa kuwa linamfuata mtu miaka na kila anayefungua faili analisoma kwanza. Chimba sababu uiandike: duka la dawa lilikuwa limefungwa, idhini ya kulipiwa ilichelewa, sindano iliganda ndani ya gari. Muuguzi wa zamu ijayo ataweza kufanya kitu kuhusu sababu. Kuhusu lawama hataweza kufanya lolote.

Maumivu nayo yataka uangalifu. Wapo wazee wasiolia wala kuomba, na wapo waliokwisha kujifunza kwamba wakiomba wataitwa watumiaji wa dawa za kulevya. Namba ya sifuri hadi kumi haitoshi. Uliza, "Maumivu haya yanakuzuia kufanya nini leo?" kisha nyamaza. Kunyamaza huku ni ufundi kamili. Uliza swali moja, subiri zaidi ya unavyozoea, usilijaze pengo kwa swali la pili. Mgonjwa asipokutazama machoni, kwetu wengi tunalijua hilo kuwa ni adabu. Usiliandike kama dalili.

Nije kwa yule mama aliyeondoka. Mtu haondoki ghafla. Kwa kawaida ameshakata tamaa muda mrefu kabla ya kunyanyuka, na muda huo ndio wako. Mwambie ukweli wa foleni, hata kama ni kusubiri kwa muda wa saa sita. Muulize ni nini kinamfanya kukaa kuwe kugumu: mtoto aliyeachwa kwa jirani, gari la matibabu linaloondoka, ndege ya kurudi, njaa, sigara, au neno alilotupiwa pale mezani. Mengi kati ya hayo yana dawa. Simu moja kwa anayepanga usafiri inaweza kusogeza safari. Akisisitiza kuondoka, usimtishe kwa fomu. Omba umpime mara ya mwisho, mweleze dalili mbili au tatu za hatari kwa ugonjwa wake hasa, mwandikie mahali pengine anapoweza kutibiwa, na umwambie kwamba akirudi baada ya saa moja atapokelewa bila kulaumiwa. Kisha mwambie daktari na uandike sababu aliyoitoa yeye. Kama alitoka kituo cha uuguzi cha kijijini, omba ridhaa yake uwapigie simu. Kama utaratibu wa idara unaruhusu, apigiwe asubuhi.

Sasa mambo ambayo sisi tunaotoka Afrika Mashariki tunakosea zaidi kuliko wazungu, na ni vyema tuambiane.

La kwanza ni sala. Kwetu kumwambia mgonjwa "Mungu atakuponya, tuombe" ni upendo. Kwa mtu aliyepigwa na watawa akiwa na miaka saba kwa sababu alisema Kikrii, sala isiyoombwa inaweza kuwa pigo lile lile. Wengi wao ni Wakristo wa dhati na watafurahi, lakini waanze wao.

La pili ni kukaripia. Sauti ya wodi za kwetu, "Mama, mbona umechelewa hivi? Ulikuwa unangoja nini?", huku inafunga mlango kabisa. Badilisha: "Nimefurahi umekuja. Nini kilikuleta leo?"

La tatu ni kuziita dawa zao uchawi. Kati ya 1885 na 1951 sheria ya Kanada ilipiga marufuku baadhi ya sherehe zao, kwa hiyo dharau yako haitakuwa ngeni kwao, itakuwa mwendelezo. Ukiona kimkoba kifuani, unyoya wa tai au shada la nyasi tamu, usikiguse wala kukihamisha. Uliza mwenyewe au jamaa yake akishike. Kikilazimika kutolewa kwa ajili ya eksirei au upasuaji, yeye aamue kikae wapi, na uandike. Kufukiza seji, mwerezi au nyasi tamu utakuelewa haraka kama umekulia kwenye nyumba ya ubani na udi. Hospitali zina utaratibu wake: oksijeni izimwe na mitungi iondolewe chumbani, kifaa cha kugundua moshi kishughulikiwe na wahandisi au walinzi mapema, aliyepakana naye kitanda aulizwe. Kwenye kitanda cha dharura mara nyingi haiwezekani, lakini majani yasiyowashwa yanaweza kushikwa mkononi. Usimpendekezee Mwinuit kufukiziwa eti kwa kuwa ni Mwenyeji. Hiyo si desturi ya asili ya Inuit. Dawa za kunywa ziulizie kama unavyoulizia vidonge: nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini, kisha umwite mfamasia, hasa kama mtu anatumia dawa za kuzuia damu kuganda au figo zake ni dhaifu.

Na yapo uliyonayo ambayo wenzako hawana. Unajua kusalimia kabla ya kazi. Unajua kwamba jamaa sita kando ya kitanda si fujo. Unajua mzee husemeshwa vipi. Tumia hayo, ila usiseme "sisi sote ni ndugu". Waache wao waseme.

Mama mwenye kichanga anahitaji uangalifu wa pekee. Kwa sensa ya 2021, watoto wa Wenyeji walikuwa asilimia 7.7 ya watoto wote wa chini ya miaka 15 Kanada, lakini asilimia 53.8 ya waliolelewa nje ya familia zao chini ya ustawi wa jamii. Kwa miaka mingi hospitali zilipewa taarifa za siri kuhusu mama kabla hajajifungua ili mtoto achukuliwe. Manitoba iliacha utaratibu huo Julai 2020, lakini hofu haikuisha. Hapa macho yako yana thamani. Madoa yale ya buluu-kijivu ya mgongoni na makalioni, tunayoyaona kwa watoto wetu tangu kuzaliwa, yako pia kwa watoto wengi wa Wenyeji, na mhudumu asiyeyajua huyadhania michubuko. Ukiyaona, andika mahali, ukubwa kwa sentimita, rangi, na kwamba mtoto halii yakiguswa. Tafuta kama yaliandikwa siku ya kuzaliwa. Mchubuko hugeuka rangi ndani ya siku chache. Doa hili halibadiliki kwa siku chache hizo. Mistari mitatu hiyo inaweza kumwokoa mama na uchunguzi usio na msingi. Ukiwa na wasiwasi wa kweli, wajibu wa kuripoti uko pale pale, ila mwambie mama uso kwa uso.

Kumruhusu mgonjwa kurudi nyumbani ni mahali ambapo kazi nzuri yote huharibika. Serikali kuu ina mpango wa NIHB unaolipia dawa, meno, miwani, vifaa na usafiri wa matibabu kwa watu wa Mataifa ya Kwanza waliosajiliwa na kwa Inuit. Métis hawamo. Dawa nyingine zahitaji idhini kwanza, kwa hiyo daktari akiandika dawa isiyo kwenye orodha saa kumi jioni ya Ijumaa, mgonjwa anaondoka bila dawa. Mpigie mfamasia kabla hajavaa koti, na uombe apewe dozi za kumfikisha Jumatatu au Jumanne. Uliza anarudi wapi. Kama ni jamii inayofikika kwa ndege, uliza ndege ni lini, nani atamfunga kidonda huko, na kama maji ya bomba ni salama; zipo jamii zilizokaa miaka chini ya amri ya kuchemsha maji. Ukimwambia "osha kidonda kwa maji safi mara mbili kwa siku" bila kumpa chupa za maji ya chumvi, hujamwambia kitu. Ripoti iende kituo cha uuguzi siku hiyo hiyo. Mjamzito anayeletwa mjini kujifungua ana haki ya kulipiwa msindikizaji tangu 2017, wengi hawaambiwi.

Kwa mtoto wa Mataifa ya Kwanza kuna Kanuni ya Jordan. Jordan River Anderson wa Norway House alizaliwa 1999 na akafa 2005 hospitalini Winnipeg, baada ya zaidi ya miaka miwili ambayo angeweza kuwa nyumbani, kwa sababu serikali kuu na ya jimbo zilibishana nani alipe. Kanuni yasema mtoto ahudumiwe kwanza, bili zibishaniwe baadaye. Ukisikia "hatujui nani atalipa" kuhusu mtoto, taja kanuni hiyo kwa jina na umwite ofisa wa ustawi wa hospitali.

Mamlaka ya afya ya Winnipeg ina kitengo cha afya ya Wenyeji chenye wakalimani na wasaidizi wa kiroho. Jua leo namba yake na saa zake za kazi, kisha ujue usiku utafanyaje wakiwa hawapo. Usimtumie mjukuu kutafsiri habari za uzazi za bibi yake.

Mwisho, wenzako na lile neno lao. Joyce Echaquan, mwanamke wa miaka 37 wa jamii ya Wenyeji ya Atikamekw na mama wa watoto saba, alifia hospitalini Joliette, Quebec, tarehe 28 Septemba 2020, baada ya kurekodi kwa simu yake wahudumu wakimtukana. Mwaka uliofuata mchunguzi wa vifo alieleza kwamba ubaguzi na dhana potofu zilichangia kifo chake. Matusi ya aina hiyo hukua mahali ambapo "hao ndivyo walivyo" husemwa na kupita. Wewe ni mgeni, una leseni mpya, labda na kibali cha kazi, nami sikutumi vitani. Anza kwa kurudisha mazungumzo kwenye ugonjwa: "Alikuja na maumivu ya kifua na hatujampima tena tangu saa nne. Naenda kumtafuta." Maneno hayo hayamshambulii mtu na yanamhudumia mgonjwa. Likizidi hapo, andika kabla zamu haijaisha: saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, nani alikuwepo, na mgonjwa alikosa huduma gani. Lipeleke kwa mfumo wa taarifa za usalama wa wagonjwa, uweke nakala ya namba ya taarifa bila jina la mgonjwa, na umweleze mwakilishi wa chama cha wauguzi. Mgonjwa naye ana haki ya kulalamika. Mwambie hivyo, na umpe karatasi yenye namba mkononi kabla hajaondoka.